Maswali ya wasomaji: CD ya gemu ni yangu, mbona naambiwa nisiuze?

SWALI: Mambo vipi kaka mhariri. Nina gemu zangu za PS nilizomaliza kitambo nataka kuziuza nijazie ninunue mpya, sasa kuna jamaa yangu anasomea mambo ya kutengeneza programu kaniambia kuuza gemu ya mtumba ni sawa tu na kupiga kopi, eti mtengenezaji hapati hata senti. Tumebishana mpaka tukanuniana. Ni kweli nawaibia?

JIBU: Hapana ndugu yangu, huibi. Anayepiga kopi anatoa nakala mbili kwenye moja, wewe ukishauza unabaki mikono mitupu, nakala ni ileile na ilishalipiwa siku ilipouzwa mara ya kwanza. Na sheria imelitambua hili zamani sana, Marekani Mahakama ya Juu ilishasema tangu 1908, kesi yenyewe ilikuwa ya kitabu, kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala hana tena nguvu ya kumpangia mnunuzi aiuze vipi. Japani ndo kabisa, kampuni za gemu ziliwashtaki wauzaji wa mtumba wenyewe, zikashindwa mpaka mahakama ya juu 2002.

Ila jamaa yako usimbeze, analosema lina uzito. Gemu kubwa inakula miaka na mamia ya watu, halafu duka linainunua CD kwako kwa bei ya chini linaiuza, linainunua tena linaiuza, na faida ya mizunguko yote hiyo inabaki kwa duka, studio haioni kitu. Wanaoumia zaidi ni wale wa gemu za hadithi ambazo ukimaliza umemaliza, CD inarudi sokoni wakati mpya bado zimejaa kwenye shelfu. Hilo nakubali. Ninachokataa ni kuhesabu kila CD ya mtumba kama mteja aliyepotea, maana wengi wanaonunua mtumba ile mpya wasingeiweza kabisa, na hela unayopata wewe inaenda wapi? Si umesema mwenyewe unajazia ununue mpya!

Halafu angalia dawa ambazo kampuni za gemu zilijaribu. EA walianza 2010 kuweka kodi, yaani namba ya siri ya kufungulia, ndani ya boksi jipya, inatumika mara moja tu, ukinunua mtumba na unataka kucheza onlaini unalipa tena. Watu walilalamika mpaka 2013 wakaachana nayo. Mwaka huohuo Microsoft wakatangaza Xbox One, mashine iwe inajicheki kwenye intaneti kila baada ya saa 24, na gemu kumpa rafiki ni mara moja tu tena awe kwenye listi yako ya marafiki siku 30. Wapinzani wao Sony, wenye PS, wakatoa kivideo kifupi cha jamaa mmoja anamkabidhi mwenzake gemu mkononi, basi, imeisha. Haikupita hata wiki mbili Microsoft wakafuta mpango wote, na mimi naona walistahili kelele zile. Uza CD zako bila wasiwasi, na huyo jamaa kampatane naye.

SWALI: Gemu zangu zote nimedanlodi, sina CD hata moja. Nimezichoka, kuna mtu anataka kununua akaunti nzima nimpe na paswedi. Nimuuzie?

JIBU: Usiuze. Masharti uliyobonyeza kukubali yanakataza, wakigundua wanaifunga, na huyo mnunuzi nae yupo hatarini kwa sababu wewe mwenye imeili na risiti za mwanzo unaweza kuirudisha muda wowote, ndo maana utapeli wa akaunti hauishi.

Lakini swali lako ni kubwa kuliko akaunti na linaniuma kweli. Ufaransa chama cha kutetea walaji kiliwashtaki Valve wenye Steam, duka la gemu za kudanlodi, kwa hilohilo, 2019 mahakama ya Paris ikasema watu waruhusiwe kuuza gemu walizodanlodi, tukafurahi, 2022 rufaa ikapindua na 2024 mahakama ya juu ikakazia. Hoja ya mahakama ni kwamba gemu sio programu tu, ina picha, muziki, hadithi, na haki ya kuuza tena ni ya nakala unayoishika, tena faili halichakai kama CD kwahiyo mtumba wake ungekuwa sawa na mpya. Sawa, halichakai, lakini tulilipa bei ya kitu kamili na kitufe kimeandikwa "nunua"! California angalau wametunga sheria iliyoanza 2025, duka la dijitali likitumia neno hilo lazima likwambie wazi kuwa unapata leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu. Ningependa kila nchi iige, maana sasa hakuna haja ya kukataza mtumba, kampuni zinatoa tu mashine isiyo na sehemu ya CD, kama Xbox Series S, na haki yako imeondoka bila kesi wala kelele.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mwanangu anataka gemu ya mtumba ya Switch 2, mimi hivi vitu sivielewi, niangalie nini nisipigwe?

JIBU: Marahaba mama. Soma chini ya kava kwa mbele. Kama wameandika ni "game-key card", ile kadi haina gemu ndani, ni ufunguo tu, mtoto atadanlodi kwa intaneti na kadi lazima ikae kwenye mashine kila akicheza. Usiogope, haifungwi na akaunti ya mtu, mwenye kadi ndo mwenye gemu, ila hakikisha mna intaneti ya kutosha na nafasi kwenye mashine. Kama boksi lina namba ya kudanlodi peke yake, bila kadi, liache hapohapo, namba ikishatumika haifai tena. Na muombe muuzaji aichomeke mashine iwake muone kabla hujatoa hela.