Swali la lugha: Je, mtu anaweza kuwa haramu?

SWALI: Kijiweni kwetu pa kahawa hapa Mwanga, Kigoma mjini, redio ilitangaza kuwa "wahamiaji haramu" wamekamatwa wakiwa kwenye basi. Mzee mmoja wa Ujiji akaweka kikombe chini akasema binadamu hawi haramu, nguruwe ndiye haramu. Mwenzake, mstaafu wa serikali, akamjibu kwamba hicho ndicho Kiswahili cha ofisini na hakuna asiyekielewa. Tulibishana mpaka birika likakauka. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme "wahamiaji haramu" au "wahamiaji wa haramu"?

JIBU: Wazee wangu hao wawili shikamooni. Kisarufi, mstaafu hana kosa. "Haramu" haichukui kiambishi chochote, kama "safi" na "hodari", kwa hiyo mhamiaji haramu, wahamiaji haramu, biashara haramu, mambo yote sawa. Lakini bishano lenu halikuwa la viambishi.

Mzee wa Ujiji amelisikia neno kwa sikio la mji wake. Ujiji ni mji wa misikiti na madrasa za siku nyingi, na huko haramu na halali watu hujifunza utotoni, kabla ya a, e, i, o, u za shule. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, hukumu ya haramu huangukia kitendo. Hata nguruwe wa watu tunamsingizia: kilicho haramu ni kumla, yeye mwenyewe yuko zake matopeni. Mzizi wa neno ni wa Kiarabu na unabeba maana ya kuzuia na kuweka kando, ndiyo maana umetupa pia "ihramu", lile vazi jeupe la mahujaji, na "maharimu", ndugu ambao mtu hawezi kuoana nao. Umetupa vilevile "haramia". Huyo ni mtu kweli, lakini tazama: lugha ilipotaka kumtaja mtenda maovu ilimtengenezea neno lake. Haikumbandika kitendo mgongoni.

Mahali pekee tulipozoea kumbandika mtu haramu ni "mwanaharamu", na kila mmoja anajua hilo ni tusi. Hata hapo uharamu ulikuwa wa wazazi, mtoto kabebeshwa tu. Sasa mtu anayesema "mhamiaji haramu" huenda hana nia ya kutukana, lakini neno limekuja na jamaa zake wote.

Kuna jambo jingine ambalo kijiweni hamkuligusa, nami naliona kubwa zaidi: neno "mhamiaji" lenyewe. Kuhama ni kuondoka mahali. Kuhamia ni kwenda kukaa mahali. Irabu hiyo moja inataka kituo cha mwisho: umehamia wapi? Kwa hiyo mhamaji ni yule wa kuhamahama, na mhamiaji ni aliyekuja akae. Huko Tabora vijijini, mfugaji wa Kisukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga ni mhamiaji kamili, na hajavuka mpaka wa nchi yoyote.

Pima basi habari tunazosikia. Vijana wa Ethiopia wanaokamatwa nchini wakielekea Afrika Kusini wanaitwa wahamiaji haramu, ilhali hawana nia ya kulala hapa hata wiki. Hawa ni wapita njia. Mrundi anayevuka msimu wa kilimo kuja kulima mashamba ya watu Kasulu au Kibondo, akalipwa, akarudi kwao, huyo ni kibarua. Anaweza kuwa amevunja sheria kwa kuingia bila kibali, sikatai, ila hajahamia. Neno moja limekuwa gunia la kutia kila mtu.

Na aliyekuja akakaa kweli, miaka thelathini, kaoa, kazika wazazi hapahapa, lakini karatasi hana? Maofisa wana neno lake: mlowezi. Linatoka kwenye "kulowea", yaani kwenda ugenini ukakaa usirudi. Watu bado husema "fulani kalowea Dar", kwa mzaha wenye lawama kidogo, maana yake kasahau kwao. Zamani walowezi walikuwa Wazungu wenye mashamba makubwa. Siku hizi linamwangukia bibi mwenye shamba la mihogo. Nalipenda kuliko haramu, kwa sababu linaeleza alichokifanya.

Mkimbizi ni habari nyingine. Kitenzi ni kimoja, kukimbia, lakini mkimbiaji yuko uwanjani na mkimbizi yuko Nyarugusu. Hiyo ni kambi ya wakimbizi kule Kasulu, imepokea watu tangu mwaka 1996, kwanza Wakongo, na Warundi wakaongezeka mwaka 2015, wale waliojazana kijijini Kagunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mpaka meli ya MV Liemba ikawa inakwenda kuwachukua. Mkimbizi ana hadhi kisheria, ipo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Anayesubiri kukubaliwa ni mwomba hifadhi. Kutoka kambini kunahitaji kibali, na hapo ndipo lugha inapoteleza: mkimbizi akikutwa barabarani bila hicho kibali, jioni redio itamtaja kama mhamiaji haramu. Asubuhi alikuwa mkimbizi, na hadhi yake haijafutwa.

Wapo pia Warundi waliokimbilia hapa mwaka 1972, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia. Kisheria ni raia wa tajnisi, yaani waliopewa uraia baada ya kuuomba. Mtaani wakaitwa "raia wapya", na hadi leo bado naisikia. Sijui upya huo unachakaa lini. Kiswahili changu kinaniambia waitwe raia, basi.

Mstaafu atauliza: kwa hiyo tufiche kosa kwa maneno laini? La. "Wameingia nchini kinyume cha sheria" halifichi kitu, linasema kosa ni nini na kalifanya nani. "Uhamiaji haramu" nalo silipingi, kwa kuwa haramu hapo imekaa juu ya kitendo. Wamarekani nao wamebishana hili kwa lugha yao. Shirika la habari la Associated Press liliamua mwaka 2013 kwamba neno la namna hiyo libaki kwa kitendo, lisimwite mtu. Sisi hatuhitaji kuwaiga. Mzee wa Ujiji amefika hapohapo kwa kikombe cha kahawa.

Kwa mtangazaji kuna sababu ya ziada. Mtu aliyekamatwa kwenye basi hajahukumiwa. Njia zetu hizi mnazijua. Gari linasimama, mtu nyuma ananong'ona "Uhamiaji wamepanda" (idara ni moja lakini tunaipa "wa-" ya watu, na ni sawa, kwa sababu waliopanda ni watu), kila mmoja anapapasa kitambulisho. Mimi mwenyewe, Muha wa Kasulu, mwalimu wa Kiswahili, niliwahi kushushwa kwa sababu ulimi ulinipeleka kwenye "r" palipotakiwa "l". Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, na sikio la mgeni haliwatofautishi. Nilikaa kwenye benchi saa nzima. Kama mwandishi angepita wakati ule akaandika "wahamiaji haramu watano wakamatwa", wa tatu ni mimi. Angeandika "wanaotuhumiwa kuingia nchini bila kibali", angekuwa salama, nami pia.

Kuhusu "wa" uliyoiuliza: hapana, isiwepo. "Wa haramu" tunaisikia kwenye "mtoto wa haramu", na huyo nilishamtaja.