Timu ikikunyima usingizi, kaangalie nyumba ya mwanajeshi aliye mbali

Mkuu, umesema Simba ikifungwa huli wala hulali, na safari hii umemnunia mkeo kisa goli la dakika za majeruhi. Wengi wanakushauri uachane na mpira. Mimi siwezi kukwambia hivyo, maana ni Mnyama damu na sina mpango wa kupona. Nakupa kilichonisaidia mimi huku Tandahimba, Mtwara.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwanajeshi wa JWTZ. Mwaka 2023 alikuwa Kongo kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Wenye ndugu jeshini wanajua maana yake. Desemba 7, 2017 kambi ya vijana wetu ilivamiwa kule Semuliki, Kivu Kaskazini, na siku zile zikatangazwa maiti 14. Dada hakuisahau habari ile. Shemeji akiwa nje, simu ya namba ngeni ikiita usiku, dada anampa mwanawe mkubwa apokee.

Sasa njoo Novemba 5, 2023, zile tano moja za Yanga. Jioni ile nilizima simu nikapanda kitandani na viatu. Alfajiri dada akagonga dirisha: korosho zimejaa chini, wingu limefunga, na zikinyeshewa zinashuka daraja, kule AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) hakuna wa kumbembeleza. Nimefika shambani namkuta jirani yetu, Yanga lialia, kashika ndoo, kaja na wanawe wawili. Nikajua leo nimekwisha. Alinisema kweli, mkorosho wa kwanza hadi wa tatu hivi, kisha kimya. Kazi ya kuokota inakuinamisha, unakonyoa korosho kwenye bibo (tunda lake) moja baada ya nyingine, utomvu wa maganda unakuchoma vidole, pumzi ya kutambiana huipati.

Mchana shemeji akatuma sauti WhatsApp. Alianza kwa kucheka zile tano mpaka akakohoa (naye ni Simba, tena kunizidi). Halafu akauliza: magunia yamefika ghalani? Mtoto wa mwisho kifua kimepona? Nani analala pale nyumbani? Mpira aliutaja kwa pumzi moja, nyumba yake aliiuliza mpaka bando likakata.

Tangu hapo tawi letu la Simba na la watani wa Yanga tunasaidiana kwenye shamba lile shemeji anapokuwa nje. Kupalilia, kupulizia salfa (dawa ya ukungu) maua yakitoka, ambayo inataka uamke kabla upepo haujaanza, kisha kuokota. Siku ya dabi asubuhi tuko shambani, jioni tuko kwenye televisheni. Kelele bado napiga. Ila ukishalala umechoka kwa kazi ya mtu mwingine, goli la kuotea halikuamshi saa nane.

Ukitaka kujaribu, mambo machache. Mwulize mke wa mwanajeshi anahitaji nini, usimpangie. Wengine shida yao si unga, ni mtu wa kuwapeleka watoto zahanati au kukaa foleni ya malipo ya korosho. Msiende kundi la wanaume jioni, watu wataongea. Tangulizeni wake zenu. Hela mpe mkononi mwake yeye, si ya kaka wa mume. Mwanajeshi mwenyewe usimuulize yuko wapi wala anatoka lini, na akikwambia, kaa nayo. Mtumie matokeo na picha za watoto, mtandao ukikaa sawa atazipata.

Na zile picha za kukabidhi mfuko wa unga mkiwa na jezi na bendera ya tawi, mzirushe Facebook, hapana. Kwetu kuna mmoja alizing'ang'ania, tukamwambia akapige picha kwenye shamba lake.