Tuliyemfungia mlango na tuliyemwekea kiti cha mbele

Simu ya kumwambia asije niliipiga mimi. Ilikuwa saa moja asubuhi, siku yenyewe ya mdahalo, na yule bwana alikuwa ameshapanda bodaboda anakuja Tandahimba mjini, huku mkoani Mtwara. Akaniuliza swali moja tu: "Dada, leo nina kosa gani ambalo wiki iliyopita mliponialika sikuwa nalo?" Nikamwambia ratiba imebadilika. Uongo. Kilichobadilika ni kwamba jina lake lilikuwa limewafikia wenzangu wa kikundi chetu kinachoandaa midahalo hiyo.

Alikuwa kangomba. Kwa msiokaa huku Kusini, kangomba ni mnunuzi wa korosho wa mlango wa nyuma. Anakuja wakati maua ndiyo kwanza yanatoka, mkulima hana hela ya salfa, dawa ya mikorosho, wala ya sare za watoto. Anamkopesha. Msimu ukiiva, Oktoba, anarudi kuchukua korosho kwa bei aliyoipanga yeye na kwa kipimo alichokuja nacho yeye. Kisheria haruhusiwi. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani korosho zinapita chama cha msingi cha ushirika, zinakwenda ghalani, zinapigwa mnada, mkulima analipwa baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo inayomlisha kangomba. Novemba 2018, serikali iliposema itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakatumwa kuzisomba, malipo yalitanguliwa na uhakiki, na mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa aonyeshe shamba lake liko wapi. Waliokuwa wanatafutwa ni hao.

Mdahalo wetu ulikuwa mwaka uliofuata, na aliyependekeza aitwe ni mimi. Si kwa kumpenda. Baba yangu alishawahi kuuza maua ya mikorosho yake kwa mtu wa namna hiyo, najua nyumba inavyokuwa mwezi wa kumi na mbili majirani wanapohesabu pesa na nyie mnahesabu deni. Nilitaka aulizwe uso kwa uso.

Wenzangu kwenye kikundi wakasema kumpa jukwaa ni kumsafisha. Hoja hiyo si ya kijinga, nisiwaonee. Mtu akikaa meza kuu, ana chupa ya maji mbele yake na jina limeandikwa kwenye karatasi, watu wanaondoka wakijua huyo ni mtu wa maana. Ningeikubali tukayamaliza, kama siku zote tungekuwa tunafanya hivyo.

Lakini tulikuwa ni sisi tuliokuwa tukilia usiku na mchana, mikutano ya hadhara ya siasa ikiwa imezuiwa tangu 2016, kwamba mtu hazibwi mdomo eti kwa sababu maneno yake yanaudhi. Ibara ya 18 ya Katiba tuliisema bila kufungua kitabu. Wapo kati yetu waliokuwa Mtwara mjini Mei 2013, wakati wa vurugu za gesi, na wanakumbuka ilivyokuwa rahisi mtu kuitwa mchochezi kwa kuuliza tu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam linatuachia nini. Kufungiwa mlango tunakujua.

Na miezi mitatu kabla ya kumkatalia kangomba tulikuwa na mgeni mwingine. Bwana mmoja aliyewahi kuwa kiongozi, ambaye alishasema hadharani kwamba msichana akipata mimba shuleni amejitakia, akae nyumbani alee. Siku zile ndiyo ilikuwa amri ya nchi. Ruhusa ya kurudi shule ilitoka Novemba 2021. Kikundi chetu kilikuwa na mradi mzima wa kuwatetea wasichana hao, tuna hadi fulana zake. Ila bwana huyu kwenye makato ya korosho alikuwa moto, akishika kipaza sauti watu wanasimama. Basi tukamwekea kiti cha mbele chenye kitambaa. Dada mmoja, ambaye mdogo wake aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito, akauliza tunamwalikaje huyu. Akajibiwa: "Leo mada ni korosho." Akanyamaza. Nami niliyekuwa mwongozaji nikanyamaza.

Yule mada ilikuwa korosho, akapita. Huyu mada ilikuwa korosho hiyohiyo, akafungiwa.

Turudi Tandahimba. Watu wamejaa chini ya turubai, tunamsema kangomba, kiti chake kitupu. Mzee mmoja aliyeshika kofia yake mkononi akasimama. "Mwanangu," akaniambia, "mnamsema mtu hayupo. Yule ndiye aliyenikopesha hela ya sanda ya mama yako mdogo. Chama hakikuja msibani, yeye alikuja. Na amenipunja, nalijua hilo. Leo nilikuja nimuulize mbele yenu, lile bakuli lake lina kilo ngapi? Sasa nimuulize nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo ninapoandika sina.

Basi ushauri wangu kwa mnaoandaa midahalo, mimi ambaye nimeshaharibu: masharti ya nani haalikwi yaandikwe kabla jina lolote halijatajwa. Sisi sasa tunayo kwenye daftari, tunayaandika mwezi mmoja kabla, hakuna kutaja mtu. Yakishaandikwa, chukua jina la mtu wako, yule unayempigia makofi, umpitishe humo. Akikwama, basi ama sharti ni baya ama rafiki yako haji. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tulibishana mpaka saa nne usiku, na wawili wakatoka kwenye kikundi.

Meza kuu tumeitupa. Wote benchi, dakika kumi kila mtu, saa nzima ya maswali. Nusu ya ugomvi wetu wa "kumpa jukwaa" ulikuwa ni ugomvi wa kitambaa na chupa ya maji.

Waulizeni na walioumizwa na huyo mnayebishania. Tulikuwa tumekaa ofisini Shangani, Mtwara mjini, chini ya feni, tunaamua kwamba wakulima wasionane na mtu wanayeonana naye kila msimu! Yule dada ambaye mdogo wake aliacha shule, naye, hatukumuuliza angependa nini. Nilimuuliza baadaye sana. Akasema asingetaka mgeni wetu azuiwe, alitaka tu yeye naye apewe dakika zake baada ya mgeni.

Anayeita watu wapige au wachome wenzao, huyo haji, na hapo sina mjadala. Ila sharti hilo nalo limkute na wa kwetu. Tunaye mmoja, kijana mzuri sana wa kazi, aliyesema "kangomba wachapwe viboko". Hajashika kipaza sauti tangu siku hiyo na bado hanisalimii.

Na ukimkatalia mtu, mwambie sababu. Usimpigie saa moja asubuhi na habari za ratiba.

Mwaka jana daftari lilinigeukia. Kulikuwa na bwana mmoja anayezunguka sokoni akisema mimi ni mla hela za wazungu, napotosha wanawake wa watu. Tukampitisha kwenye masharti, hakukwama hata moja. Nikampigia simu mwenyewe. Akaja na kanzu safi, akapewa dakika zake kumi, na kama nane hivi akazitumia kunisema mimi. Watu walicheka, mashangazi zangu wakiwemo. Mimi nilikuwa nyuma ya turubai namenya ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, nimeshika foleni ya maswali. Nilikuwa wa nne.