Wasomaji Wanauliza: Saa za kazi, presha na sukari

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 41, ni karani wa duka la jumla Kariakoo. Nafungua saa 1 asubuhi, nafunga saa 2 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Kulala ni saa 5, kuamka saa 10 alfajiri niwahi mwendokasi. Sinywi, sivuti. Juzi nimepimwa duka la dawa, presha 148 kwa 94. Mgongo nao unasumbua, nautuliza kwa diklofenaki. Je, kazi ndiyo inanipandisha presha, au umri tu? – Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba. Tuanze na hesabu. Saa 13 kwa siku, ukitoa moja ya chakula zinabaki 12. Mara siku 6 ni saa 72 kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Asilimia hizo zisikutishe kupita kiasi. Tuseme katika watu 1,000 wa saa chache 10 wangepata kiharusi. Kwa wa saa nyingi wangekuwa 13 au 14.

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yetu, ni usingizi wako. Mtu mwenye afya akilala, presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na mishipa hupata nafuu. Wewe unapata saa 5 za usingizi badala ya 7, kwa hiyo nafuu hiyo unaipata kwa muda mfupi, huku homoni za msongo zikiendelea kuubana mwili. Usingizi pungufu pia hufanya insulini, homoni inayoshusha sukari, ifanye kazi kwa uvivu na njaa iongezeke. Ndiyo maana ukifika nyumbani saa 3 usiku chipsi mayai inaonekana tamu kuliko kitu chochote, na saa hizo ndizo mwili unaishughulikia sukari vibaya kuliko mchana.

Ila usiitupie kazi lawama yote. Diklofenaki na ibuprofeni huzifanya figo zishikilie chumvi na maji, na presha hupanda. Ziache kwanza. Mgongo ukizidi, tumia parasetamoli, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku.

Kisha upime upya, kwa sababu kipimo kimoja cha dukani, tena pengine baada ya kutembea juani, hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Tumia mashine ya kufunga mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani: mkanda wa kawaida huwafaa wa sentimita 22 hadi 32, na ukimbana mnene hutoa namba kubwa za uongo. Kojoa kwanza. Kwa nusu saa kabla usinywe chai ya rangi wala kahawa. Kaa dakika 5 ukiegemea kiti, nyayo chini, miguu bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika 1, asubuhi na jioni, siku 7. Futa namba za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135 kwa 85 au zaidi, peleka daftari kliniki, na uombe wapime pia sukari, lehemu (kolesteroli) na figo.

Chakula kikubwa kihamishie mchana. Mwambie mama ntilie apunguze wali nusu, aongeze maharage na mchicha, na chumvi ya mezani uiache hapo hapo mezani. Usiku kula kidogo, uingie kitandani saa 3 na nusu kama nyumbani wataelewa.

Na sheria je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki 4, zinazolipwa mara moja na nusu. Za kwako zinafika 108. Mzungumze na mwajiri mkiwa na hesabu hiyo mkononi. Ajabu ni kwamba hata anayefuata sheria mpaka mwisho wake anafika saa 57 na nusu kwa wiki, yaani juu ya ile 55.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku Mikocheni, miaka 54, nina kisukari. Natumia metformini na glibenklamidi, nameza jioni kabla ya kutoka. Kuanzia saa 8 usiku natetemeka na kutoka jasho. Asubuhi nikipima sukari kabla ya chai nakuta 9 (mmol/L). Nipunguze dawa? – Mzee wa lindo

JIBU: Shikamoo mzee. Usipunguze mwenyewe, lakini nenda kliniki wiki hii. Glibenklamidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu, na nguvu yake hukaa muda mrefu. Ukimeza saa 11 jioni ukaenda lindo bila kula, sukari inashuka. Waeleze saa zako za kazi. Wanaweza kubadili muda, kipimo au dawa yenyewe, na wapime figo, maana figo dhaifu huiacha dawa ikae zaidi mwilini.

Ukitetemeka, pima. Ikiwa chini ya 3.9, au huna mashine, koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Subiri dakika 15, upime tena, urudie ikibidi, kisha kula mkate au ndizi. Usikimbilie chapati kwanza: mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Na ile 9 ya asubuhi haisomeki kama kipimo cha kufunga ikiwa umekula usiku. Pima ukiamka mchana, ukiwa umemaliza saa 8 nzima bila kula.

SWALI: Mume wangu ni dereva wa daladala, anatoka saa 10 alfajiri, anarudi saa 5 usiku. Jana mdomo ulipinda na mkono ukafa ganzi kama dakika 20, ukaisha. Leo kaenda kazini. Nimwache apumzike Jumapili? – Mama wa Temeke

JIBU: Hapana mama. Mpigie simu sasa, ashuke kwenye gari, apelekwe hospitali yenye CT, mashine ya kupiga picha ya ubongo, leo hii. Hicho ni kiharusi cha muda, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika saa 48 za mwanzo. Asimeze aspirini kabla ya picha ya ubongo, na asibugie dawa za presha za jirani. Dalili zikirudi, andika saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo.