Kuunda Vifurushi vya Linux: Majibu kwa Wanaoanza

Swali: Kifurushi changu kinaundwa vizuri kwenye kompyuta yangu, lakini mwenzangu akijaribu anaambiwa kuna maktaba inayokosekana. Kasoro iko wapi?

Jibu: Iko kwenye orodha ya vitegemezi (vifurushi vingine ambavyo chako kinavihitaji), na kompyuta yako ndiyo iliyoificha. Mashine ya mtengenezaji huwa imejaa maktaba zilizosakinishwa kwa kazi nyingine, na kazi ya kuunda huzichukua bila kukuuliza, hata kama hukuzitaja katika debian/control (faili ya maelezo ya kifurushi cha Debian) au katika mistari ya BuildRequires ya faili ya spec (maelekezo ya kuunda kifurushi cha Fedora). Dawa yake ni kuundia kifurushi katika mazingira safi, yenye vifurushi vya msingi tu na vile ulivyovitaja mwenyewe. Kwa kazi hii, Debian wana zana ya sbuild, Fedora wana mock. Ulichokisahau kitajitokeza papo hapo. Namsihi kila anayeanza ashike desturi hii tangu kifurushi chake cha kwanza, ijapokuwa inachukua muda zaidi, maana watakaosakinisha hawana kompyuta yako. Tenga pia mahitaji ya kuunda na mahitaji ya kuendesha: kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) unaihitaji wewe, na kwa kawaida msakinishaji haihitaji.

Swali: Je, nifanye kazi hii nikiwa root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote ya mfumo?

Jibu: Hapana. Makepkg, zana ya kuundia vifurushi ya Arch Linux, hukataa kabisa kuendeshwa na root, na ina haki, kwa kuwa hati yenye kosa dogo ikipewa mamlaka hayo inaweza kufuta faili za mfumo. Tumia DESTDIR, kigezo kinachotaja saraka ya kusakinishia kwa muda: ukiandika make install DESTDIR=/tmp/jaribio, faili iliyokusudiwa /usr/bin itawekwa ndani ya /tmp/jaribio/usr/bin, mradi Makefile (faili ya maelekezo ya make) ya programu hiyo inaiheshimu DESTDIR.

Swali: Lintian, zana ya kukagua vifurushi vya Debian, imenitolea maonyo mengi. Niyanyamazishe?

Jibu: Yasome kwanza. Ukiongeza -i, kila onyo huja na maelezo yake. Linyamazishe lile tu ambalo unaweza kulitolea sababu kwa maandishi.

Swali: Nikishahakiki saini ya dijitali ya msimbo niliopakua, inatosha?

Jibu: Ni lazima uihakiki, lakini haitoshi. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalikuwa na mlango wa siri, na sehemu ya hila hiyo ilikuwa ndani ya faili iliyobanwa ya toleo (tarball) lakini haikuwamo katika hazina ya Git, yaani hifadhi ya msimbo ya mradi. Aliyeitoa alikuwa mmoja wa wasimamizi wa mradi wenyewe, kwa hiyo saini isingemfichua. Saini huthibitisha ni nani aliyetoa faili. Nia yake haiithibitishi. Ndiyo sababu ninapendelea kuchukua msimbo moja kwa moja kutoka kwenye hazina, au angalau kulinganisha faili za pande zote mbili, na kuzalisha upya hati ya configure (inayoandaa msimbo kabla ya kuundwa) badala ya kuitumia ile iliyokuja tayari.

Swali: Nikikuta hitilafu katika msimbo huo, niirekebishe humo humo?

Jibu: Uache msimbo asilia ulivyo. Weka rekebisho katika kiraka chake (faili yenye mabadiliko tu), ndani ya debian/patches, lenye maelezo ya sababu, kisha wapelekee waandishi wa programu ili toleo lijalo lisikihitaji tena.