Hiyo si "sumu inatoka", mkuu. Weka chini hilo kopo

Acha leo hii. Usisubiri kumaliza kopo eti kwa sababu ni la hela nyingi. Umeandika kwamba tangu uanze hiyo multivitamini ya kuongeza kinga unatoka mabaka yanayowasha, mdomo wa juu umevimba, usiku kifua kinabana "kidogo", na muuzaji kakwambia ni sumu zinatoka, kwa hiyo utangulize Piriton halafu uongeze dozi. Kisha unauliza kama uendelee, kama mtoto wa miaka minne apewe nusu kidonge, vitamini gani inazuia nywele kunyonyoka, na wapi kopo hilo linapatikana kwa bei nafuu. Bei nafuu! Nimeusoma uzi wako nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Na nyie mnaomwambia avumilie anywe maji mengi, vumilieni nyie.

Mimi nina pumu tangu utotoni. Jamaa mmoja wa kazini akanipeleka kwenye semina ya virutubisho, ukumbi una kiyoyozi, soda za bure, watu wanapiga makofi bila sababu. Akapanda mtu mmoja wa tai nyekundu, wanamwita Dokta. Udokta wenyewe baadaye nikaja kusikia kabla ya hapo alikuwa anauza vipuri vya pikipiki. Sina ubaya na vipuri, angalau vingine vina waranti. Akasema pumu ni takataka zilizoganda mwilini na hilo kopo linazing'oa. Nikatoa elfu tisini na tano. Msinicheke, nilikuwa nimetoka kwenye wiki mbaya ya kifua na duka la dawa halikuwa na ile inhela yangu.

Vidonge vya mwanzo nikaanza kuwashwa viganjani, halafu tumboni, mabaka yanatokea yanahama. Nikapiga picha nikamtumia Dokta. Akarudisha sauti ya WhatsApp, nyuma yake watu wanaimba: "Hongera sana! Mwili wako umeanza kujisafisha!" Nikaacha mwenyewe siku kadhaa, mabaka yakaisha yote. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Dokta akapiga simu, ananigombeza kwa upole, kwamba nimekatisha katikati na sumu zitarudi kwenye damu kwa hasira. Sumu zina hasira, mmesikia? Akanipa maelekezo yale yale uliyopewa wewe: Piriton kwanza, subiri nusu saa, halafu vidonge viwili badala ya kimoja.

Hapo kwenye Piriton ndipo nataka uelewe vizuri. Kuwashwa ni seli za kinga zinamwaga histamini kwa sababu zimeona kitu zinachokiona adui. Piriton inaizuia hiyo histamini isikuwashe, lakini adui bado umemmeza. Kwa hiyo ngozi ilikaa kimya kabisa, nikajisifu kwamba dozi imekubali. Nimekaa naangalia taarifa ya habari, nikahisi kama mchele umekwama kooni. Nikanywa maji, mchele hautoki. Sauti ikaanza kukwaruza. Midomo ikavimba nikashindwa kutamka "b" na "p", namwita mke wangu hanielewi, anadhani natania, maana mimi hutania sana na nimelipia tabia hiyo. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Inhela nikavuta, haikufanya kitu cha maana.

Bajaji mpaka hospitali. Dereva alizima muziki wake mwenyewe bila kuambiwa, hapo ndipo nikaogopa kweli.

Nesi hakuuliza kadi wala jina. Alichoma sindano ya adrenalini pajani, upande wa nje, juu ya suruali. Moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka, lakini ndani ya dakika chache hewa ikapita. Nikaja kuelezwa kwamba hiyo ndiyo dawa ya kwanza aleji ikishika koo, kifua au presha. Piriton na setirizini zinatuliza muwasho, hazifungui koo. Wakanilaza mpaka kesho yake kwa sababu aleji ya namna hiyo inaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata kama umeshajisikia mzima. Mimi nilitaka kurudi nyumbani kumalizia taarifa ya habari.

Sasa sikia balaa lenyewe. Daktari ananiuliza, unatumia dawa yoyote? Nikajibu hapana. Kichwani mwangu vitamini si dawa, ni chakula, ndivyo nilivyofundishwa kwenye semina. Umekula nini jioni? Wali na samaki. Akashika kalamu aniandikie aleji ya samaki kwenye faili. Mtu wa Tanga mimi! Nikaanza kuukubali ujane wa changu na tasi, wakati kitu chenyewe kimekaa kabatini nyumbani na ningekirudia tu. Aliyeniokoa ni mke wangu, alikuwa amelitupia kopo kwenye pochi wakati tunatoka. Daktari akaligeuza, akasoma ile sehemu ya maandishi madogo ambayo inabidi uinamishe kopo kwenye taa, na mstari wa mwisho kabisa, baada ya vitamini zote na madini yote, kuna "royal jelly". Huo ni ule ute mweupe nyuki wanaomlishia malkia wao. Kwa watu wenye pumu na aleji unajulikana kuleta madhara makali, wapo waliokufa. Australia bidhaa ya ute huo inatakiwa iwe na onyo kwenye lebo, na onyo linawataja wenye pumu. Mimi nikauziwa kama dawa YA pumu.

Nilimpigia Dokta nikiwa wodini. Akaniuliza kama nilikunywa maji ya kutosha. Nikamsomea ule mstari. Akasema "lakini hiyo ni ya asili". Upupu nao ni wa asili, ajipake! Jioni nikakuta nimetolewa kwenye grupu, nadhani kwa kuwaletea wenzangu sumu zenye hasira.

Kwa hiyo mkuu, kanuni yangu ni hii na sina nyingine: kitu mwili umeshakikataa kwa mabaka, uvimbe au kifua, hukijaribu tena nyumbani. Si nusu, si robo, si kwa kutanguliza Piriton, si "nione kama ni chenyewe kweli". Kama kuna sababu ya kujaribu, hilo ni jaribio la hospitali, daktari akiwa pembeni na adrenalini iko mezani. Na kopo usilitupe, ndiyo ushahidi wako.

Najua atatokea mtu hapa aseme si kila kitu ni aleji. Kweli. Niasini, yaani vitamini B3 ya aina ya asidi ya nikotini, inaweza kukufanya uso na shingo viwake moto na kuwa vyekundu muda mfupi baada ya kuimeza, kisha inapoa yenyewe. Mkojo wa njano kali ni B2. Choo cheusi na kufunga choo mara nyingi ni madini ya chuma. Vitamini C ya gramu mbili na zaidi kwa siku inaharisha. Hayo ni maudhi ya dozi, unaongea na mfamasia unapunguza au unabadilisha. Lakini hakuna kati ya hayo kinachovimbisha mdomo na kubana kifua, na wewe umeandika vyote viwili kwenye sentensi moja.

Halafu mara nyingi si vitamini yenyewe, ni vile walivyoichanganyia. Jelatini ya kapsuli inatoka kwa nguruwe, ng'ombe au samaki. Kuna za mafuta ya soya, kuna zenye laktosi, kuna rangi ya njano inayoandikwa E102. Zile za magoti zenye glukosamini nyingi zinatengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa. Ndiyo maana kubadilisha jina la kopo bila kusoma nyuma hakusaidii, unaweza kukutana na kitu kile kile kwenye kopo zuri zaidi.

Mtoto usimpe. Si nusu kidonge. Hizo za watu wazima nyingi zina madini ya chuma, na chuma kikizidi kwa mtoto mdogo ni sumu kweli, hiyo sasa ndiyo sumu ya kuogopa, kwa hiyo kopo likae juu asipofika.

Nywele nazo, watu watakuja hapa na biotini. Sawa, lakini ujue biotini ya dozi kubwa inavuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vya tezi ya shingoni na hata kile cha kuangalia kama moyo umeumia. Kwa hiyo ukienda hospitali waambie unaitumia, waonyeshe kopo. Unaona? Kopo tena.

Leo nenda ukaonane na daktari, na ukiulizwa kama unatumia dawa, vitamini zitaje. Akithibitisha, muombe akuandikie kwenye karatasi jina la kile kitu, si "aleji ya dawa" tu, na apeleke taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, maana wanapokea taarifa za madhara ya dawa. Usiku wa leo koo likianza kubana, sauti ikakwaruza, ukatapika au kizunguzungu kikakushika, usije kutuuliza humu. Nenda. Usitembee kwa miguu, usiende peke yako, kaa kama unahema kwa shida, lala miguu juu kama unaishiwa nguvu.

Na ukipata nafasi weka hapa picha ya kopo, upande wa nyuma, mstari wa mwisho wa yale maandishi madogo. Ya mbele yenye yule mzee anayekimbia ufukweni sitaki kuiona.