Maneno ya kiingereza hayakai kichwani, nifanye aje?

SWALI: Jambo Mwalimu. Niko mwanafunzi wa Kadutu, hapa Bukavu, nilisoma yote kwa kifaransa, sasa natafuta kazi na kila tangazo linaomba kiingereza. Naandika maneno ku kaye kufuata alfabeti, kesho yake yote yamepotea. Tena kuko maneno kama boycott ao scapegoat, diksionere inanipa maana lakini sielewi yalitoka wapi. Nisaidie.

JIBU: Mudogo wangu, iyo kaye ya alfabeti weka pembeni. Panga maneno kufuata historia yake, na weye uko na bahati kubwa juu kifaransa unakijua tayari.

Anza na mwaka 1066. Guillaume wa Normandie alivuka bahari akateka Uingereza, na kisha hapo wakubwa, mahakimu, watu wa ikulu, wote wakawa wanasema kifaransa, raia wakabaki na kiingereza chao shambani, ikaenda vile miaka mingi mpaka lugha zikachanganyikana. Njo maana mnyama akiwa zizini ni cow, pig, sheep, maneno ya wale wachungaji, lakini akifika mezani anakuwa beef, pork, mutton. Angalia vizuri: bœuf, porc, mouton! Ku tribinali njo kabisa: court, judge, prison, justice, yote ni yenu. Mpaka mwaka 1362 bunge lao lilitoa sheria kesi zisemwe kwa kiingereza juu raia hawakuwa wanaelewa kifaransa, na iyo sheria yenyewe iliandikwa kwa kifaransa.

Lakini chunga sana, maneno mengine yalibadilika njiani. Demander kwa kifaransa ni kuomba tu, demand kwa kiingereza ni kudai kwa nguvu, basi mutu akimwandikia shefu wake I demand a leave, shefu anaona huyu amekuja na vita. Andika I request. Na library si librairie, ni kwenye wanaazima vitabu, duka la vitabu ni bookshop.

Boycott alikuwa mutu kweli, Charles Boycott, alikuwa anasimamia mashamba ya tajiri mmoja kule Ireland. Mwaka 1880 wakulima wakagoma, hakuna wa kumvunia, maduka yakakataa kumuuzia, jina lake likageuka neno: to boycott ni kususia mutu ao duka.

Scapegoat utaipata ku Biblia. Fungua Walawi 16, mbuzi wawili, mmoja anachinjwa, mwingine anabebeshwa zambi za watu wote anafukuzwa jangwani. Biblia ya kiswahili inasema Azazeli, William Tyndale alipotafsiri mwaka 1530 akaweka scapegoat, wafaransa wanasema bouc émissaire, mbuzi ni yule yule. Kwa iyo mutu mwenye anabebeshwa makosa ya wengine ku kazi, njo scapegoat.

Sasa kila hadithi ipe ukurasa wake, juu weka mwaka, chini maneno, na kila neno sentensi moja ya maisha yako pale Kadutu, ya soko, ya kanisa, ya nyumbani. Ukijaza kurasa kumi, niandikie tena tuangalie pamoja.